Moyo Uliochangiwa na Mtaa

Watu wakiniuliza mume wangu alifanyiwa nini Dar es Salaam, nawajibu kwa kifupi: alichomwa moyo. Wanashtuka, wanashika vifua, wanamtaja Mungu hata wale wasioswali. Nawaacha kidogo na mshtuko wao, halafu ndipo naeleza. Najua ni utundu. Lakini baada ya yale niliyopitishwa na Hamidu, nina haki ya kujifurahisha.

Mimi ni Sikujua. Hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, wananiita Mama Riziki, kwa jina la binti yetu aliyeolewa Nyanza-Lac. Wananijua pia kwa mdomo, na sikatai. Nikiwa na neno nalitoa, likimuuma mtu nalipoza kwa chai. Hamidu ni kinyume changu kabisa. Huyo ni fundi wa mitumbwi, mikono kama makasia, na anaweza kufungia jambo kifuani mpaka likaota ukungu. Hiyo tabia yake ilikaribia kutuponza kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ulianza kwa kuchoka. Mtu aliyekuwa akikunja ubao mzima peke yake kule ufukweni akaanza kupiga misumari miwili mitatu, kisha anakaa juu ya gogo na kutazama ziwa kama mgeni. Nikamwambia ni uzee. Akakubali upesi mno, na mume wangu hakubali kitu upesi. Ijumaa moja, baada ya msikiti, alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka nikaweka mkono kifuani pake kwa mzaha, nimwambie ameota kitambi. Chini ya kiganja changu moyo ulikuwa unarukaruka kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliomwagwa kwenye beseni wakiwa hai. Mzaha ukaniishia mdomoni.

Hospitali ya hapa ikatutuma Bujumbura. Bujumbura wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari, na daktari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Mistari ya mtu mwenye afya hutembea kwa hatua sawa, alisema. Ya Hamidu ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia. Vyumba vya juu vya moyo wake vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma, na damu inayotuama humo inaweza kuganda, kipande kikapanda kichwani, na mtu akaamka upande mmoja umekufa. Nilimfikiria Hamidu mkono wake wa nyundo umelala pajani. Sikulia pale. Nililia garini, kuanzia Kabezi mpaka Magara, na aliyekaa karibu nami akanipa ndizi.

Vidonge vya kutuliza mapigo alivinywa mwaka mzima, moyo ukavizoea na kuendelea na ukorofi wake. Ndipo daktari akasema iko tiba nyingine, ya kuchoma ndani ya moyo zile sehemu zinazoleta fujo, na mahali pa karibu pa kuifanya ni Dar es Salaam.

Hatukuwa na uwezo huo. Huo ndio ukweli, na Hamidu angeumezea kimya mpaka kaburini. Mimi nilikwenda kwa Hadji Lukeba. Huyu anauza mawese kwa jumla, ana sauti ya tarumbeta, na kila mchango wa mtaa wetu, uwe wa harusi au wa maziko, unapita mikononi mwake. Nilipomaliza kusema aliinuka, akavaa kofia yake na kuanza na nyumba ya kwanza ya barabara. Wavuvi walitoa. Washonaji walitoa. Jirani yetu Zainabu, mjane wa marehemu Idi, alitoa mawese aliyokuwa ameyaweka akiba, bidoni kwa bidoni, ili auze na kununua bati za nyumba yake. Nilimwambia asitoe yote. Akaniambia niondoke mlangoni, namzibia mwanga.

Basi tukaenda. Njia ya ziwa mpaka Nyanza-Lac, tukalala kwa Riziki, tukavuka mpaka, tukafika Kigoma, na kutoka Kigoma tukapanda treni. Dar es Salaam tulipokewa na Kaoutar, mtoto wa dada yangu, ambaye wazazi wake walikimbilia Tanzania wakati wa vita na hawakurudi tena. Anaishi Mbagala na anajua hospitali zote kwa sababu hataki kukaa nyumbani.

Daktari wetu alikuwa mwanamke, kijana, mwenye sauti ya upole ambayo mimi sina. Alichora moyo kwenye karatasi.

"Mzee wangu, hatukupasui kifua," alisema. "Utalala usingizi wa dawa. Tutaingia kwenye mshipa hapa kwenye kinena, kwa mipira myembamba sana, tutapanda nayo mpaka kwenye moyo. Tunatafuta sehemu zinazotuma mapigo ya uongo, nyingi ziko hapa inapoingia mishipa ya kutoka mapafuni. Tunazizungushia alama za moto. Pale panapochomwa panaota kovu, na kovu halipitishi mapigo ya uongo."

Hamidu aliuliza swali moja tu. "Na mutima utasimama?"

"Hausimami, mzee. Unaendelea kufanya kazi yake na sisi tunafanya yetu."

Mimi nikauliza mengine yote. Atakula lini, atafunga tangu saa ngapi, nani atamnyoa huko, mshipa ukitoboka je. Alijibu kila moja, hata lile la mshipa. Alisema hatari zipo, ni chache lakini zipo: damu kuvuja, moyo kujeruhiwa, kiharusi. Kwa hiyo kabla ya kuanza wangepitisha kamera kooni waangalie kama kuna damu iliyoganda ndani ya moyo, na wakiikuta wasingegusa kitu. Nilimpenda kwa kutonificha.

Walimchukua asubuhi. Nilikaa kwenye benchi na Kaoutar, ambaye alizungumza mfululizo juu ya jirani zake wote ili nisifikiri. Nilifikiri hata hivyo. Niliwaza jinsi nilivyompigia kelele kwa sababu ya mbao alizoacha uani, na nikaahidi sitampigia tena, ahadi ambayo nilijua ni ya benchi tu. Mchana wakatuita. Hamidu alikuwa amelala chali, midomo imekauka, koo linamkwaruza, na mguu wa kulia umenyooshwa kama rula. Hakuruhusiwa kuukunja kwa saa kadhaa, wala kuinua kichwa, ili mshipa ufunge. Mtu ambaye maisha yake yote hajalala mchana, ikambidi akojoe kwenye chupa niliyoishika mimi.

"Fundi wa mitumbwi," nikamwambia, "leo weye ndiye mtumbwi."

Akacheka, akashika kifua kwa maumivu, akaniomba nisimchekeshe. Nikajua nimerudishiwa mume wangu.

Daktari alikuja jioni kutupa maelezo ya nyumbani. Nayasema hapa kwa sababu ndiyo yaliyokuja kuleta kizaazaa. Asinyanyue kitu kizito mpaka kinena kipone. Uvimbe na weusi pale si ajabu, ila ukikua au ukitoa damu, hospitali. Akipata homa, akishindwa kumeza, uso ukipinda au mkono ukilegea, hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia damu kuganda anywe kila siku bila kukosa. "Na jambo moja, mama," alisema. "Miezi mitatu ya mwanzo moyo unaweza kurudia fujo. Ni kidonda kinachopona. Haina maana kwamba imeshindikana. Msikate tamaa, mnipigie tu. Baada ya hapo ndipo tutajua, na wengine huhitaji kurudi mara ya pili. Mzee, umesikia?"

Hamidu alifumbua jicho moja. "Nimesikia," akasema, na kulifumba.

Hakusikia hata nukta.

Rumonge walitupokea kama mahujaji. Barabara nzima ilikuwa uani kwetu, mikeka imetandikwa, Zainabu anagawa chai. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo linanichekesha. Wote walitaka kuona kovu.

Wafikirie. Watu wamechanga, mgonjwa amekwenda mbali, amechomwa moyo, amerudi. Wanataka kuona kazi iliyofanyika. Hadji Lukeba mwenyewe alisogea mbele na kusema, kwa sauti yake ile, "Fungua shati, tuone namna walikata."

Hamidu akafungua shati. Kifua chake kilikuwa kile kile, na nywele zake zile zile, ila pale waliponyoa kubandika nyaya.

"Kovu iko wapi?" Hadji akauliza.

Hamidu akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa la nyumba. "Iko," nikasema, "lakini iko mahali ambapo hata miye naonyeshwa kwa heshima."

Wanawake walicheka mpaka chai ikamwagika. Wanaume wakakohoa. Lakini niliona Hamidu anafunga vifungo vya shati polepole, na hakucheka. Nilidhani ni uchovu wa safari. Kumbe aliona kwamba mtaa umetoa mali yake, naye hana hata mstari mmoja wa kuwaonyesha.

Hadji Lukeba alitaka dua ya shukrani ifanyike mara moja. Ndiyo desturi yetu: mtu aliyechangiwa akirudi salama, watu wanakaa, Kurani inasomwa, pilau inaliwa, na mwenyewe anasimama kusema kwa mdomo wake kwamba amepona, kwa uwezo wa Mungu na kwa mikono ya waliotoa. Hamidu alikubali. Baada ya wiki kadhaa akaanza kusogeza. Mara mchele haujafika, mara kinena bado kinavuta, mara Riziki hawezi kuja. Nilimwona pia anabadili njia ya kwenda ziwani. Siku zote alipita mbele ya nyumba ya Zainabu, anasalimia amahoro, anapokea ndizi au karanga. Sasa akawa anazunguka nyuma, kupitia kwenye mashinikizo ya mawese, akirudi na matope mpaka magotini. Nikamuuliza. Akasema anafanya mazoezi. Hamidu na mazoezi!

Hadji naye si mtu wa kusogezwa mara nyingi. Akatangaza msikitini: Jumapili, baada ya alasiri, uani kwa Hamidu. Yakaisha.

Alhamisi ya wiki ile nilikuwa naanika ndagala Jafari alipokuja mbio. Jafari ni rafiki wa Hamidu tangu utoto, na kazi yake ni kuumika. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nusu ya wanaume wa mtaa wetu wanavua mashati kwake: anabandika vikombe mgongoni, anachanja kwa wembe, anatoa damu chafu, na wao wanaondoka wepesi, wanajiona vijana. Hamidu hajawahi kukosa mwaka. Siku ile Jafari hakuwa na viatu, na mikono yake ilikuwa myekundu.

"Shemeji, kuya," alisema. "Damu inakataa kusimama."

Sikuuliza damu ya nani. Nilikimbia na harufu ya ndagala mikononi.

Hamidu alikuwa amekaa kwenye mkeka wa Jafari, mgongo wazi, na mgongoni kwake matambara yamelowa chapachapa. Zile chale ndogo ndogo ambazo kwa mtu mwingine hukauka kabla hajavaa shati zilikuwa bado zinatoa, kila moja polepole, bila haraka na bila nia ya kuacha. Nilivua kitenge changu cha juu nikakikandamiza kwa mikono miwili na uzito wangu wote, ambao si haba.

"Nimeumika batu miaka yote," Jafari alikuwa akisema, "sijaona damu ya hivi."

"Alikuambia kama anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda?"

Jafari akamtazama Hamidu. Hamidu akatazama kucha za miguu yake.

"Hakuniambia," alisema Jafari. Maskini, nilimhurumia. Mume wangu sikumhurumia hata kidogo. Niliogopa, na mimi nikiogopa nakasirika, na niliogopa sana. Tulimpakia kwenye tuktuk, mimi nyuma yake nimemkandamiza kama mtu anayezuia mlango usifunguke, na njia nzima nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi, Niyonkuru, dada mrefu asiyetaka kelele. Alinitoa mikono, akaweka pamba na bandeji za kubana, akakandamiza, akasubiri. Akapima presha. Akauliza dawa gani, nikamtajia. Akatikisa kichwa.

"Mzee, kama unakunywa hii dawa, mtu asikuchanje," alisema. "Hata dentiste umwambie kwanza. Wewe uko na bahati, ni chale za juu juu." Damu ikapungua, ikapungua tena, mwishowe ikaacha. Akamlaza ubavu na kutuambia tusubiri pale atuangalie. "Na hiyo dawa usiiache kwa sababu ya hii. Uiache, ndiyo utaona mambo."

Tulipobaki wawili nikavuta kiti. Sikupiga kelele. Hamidu anajua kwamba nikinyamaza ndipo mambo yamekuwa mabaya.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Umerudi," akasema.

"Nini kimerudi?"

"Mutima. Unacheza tena kama zamani. Unakuja, unaondoka. Ilianza tu tulipofika. Nilifikiri Jafari akitoa damu mubaya utatulia mbele ya Jumapili."

"Na hukuniambia."

"Nikuambie nini, Mama Riziki? Batu wametoa vitu vyao. Zainabu mvua inamunyeshea kitandani kwa sababu yangu. Jumapili nisimame, Kurani iko wazi, niseme nimepona? Nadanganya mbele ya Mungu. Ao niseme sikupona? Basi nimekula mali ya mtaa muzima na mutima ni ule ule. Kovu yenyewe hawakuiona." Machozi yakamtoka, yakapita juu ya pua kwa sababu alikuwa amelala ubavu. Katika ndoa yetu nilikuwa nimemwona akilia siku ya maziko ya mama yake tu.

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na kwa vile mgongo haukugusika nikamshika masikio. Alikuwa amebeba hili peke yake, anazunguka matopeni, analala kando yangu kila usiku na hofu yake, na jibu lilikuwa kichwani mwangu muda wote. Ningemwambia kabla chai haijachemka. Nikaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Daktari alisema," nikamwambia. "Alisema unaweza kurudi, miezi mitatu. Alisema ni kidonda kinapona. Uliulizwa kama umesikia, ukajibu umesikia!"

"Nilikuwa nimelala."

"Ulijibu!"

"Nilijibu ili aondoke."

Hakuniamini. Alidhani nampoza, kama ninavyompoza kila mtu. Nikampigia Kaoutar, Kaoutar akamtafuta daktari, na kabla ya magharibi simu ikaita. Nikaiweka sauti ya juu, karibu na sikio lake. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama anazimia, kama kifua kinabana, na fujo hiyo ya mapigo inakaa kwa muda gani. Kisha akasema yale yale aliyoyasema siku ile, kwa upole ule ule, kwamba kwa wengi fujo hii hutulia yenyewe, kwamba moyo uliochomwa unauma na kukasirika kwanza kama kidonda kingine chochote. Aende Bujumbura apigwe tena ile mashine ya mistari, na picha atumiwe yeye. Kuhusu kuumikwa alisema maneno machache tu, lakini Hamidu alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Docteur," akauliza, "na inaweza kuwa kweli imeshindikana?"

"Inaweza, mzee. Siwezi kukudanganya. Kuna tunaowarudia. Ila leo bado ni mapema kusema, kwako na kwangu."

Alishukuru. Alipokata simu akasema, "Basi Jumapili nitasema hivyo." Nilimwona amepauka kwa hofu, lakini hakuwa anazunguka tena.

Jumapili ua ulijaa. Turubai lilifungwa kutoka kwenye paa letu mpaka kwenye mwembe wa jirani, masufuria ya pilau yalifunikwa, Riziki alikuja kutoka Nyanza-Lac na watoto wake. Jafari alikaa mbali, karibu na mlango, kama mtu aliyeletwa polisi. Zainabu alikaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, ushungi wake mweupe, akitafuna iliki. Kila Hamidu alipoinua macho alikutana naye.

Kurani ikasomwa. Dua ikaombwa. Hadji Lukeba akampungia mkono Hamidu asimame, naye akasimama, bandeji zikionekana chini ya kanzu.

"Ndugu zangu," alisema. "Miye si mutu wa maneno. Mulinichangia, nikaenda, wakachoma ule mutima. Nilirudi. Sasa unacheza tena. Docteur anasema pengine ni kidonda tu, utatulia. Pengine hapana. Pengine itatakiwa kurudi mara ya pili. Hatujui. Nilikuwa nawakimbia juu ya hiyo haya. Nikaenda kwa Jafari bila kumwambia kama nakunywa dawa, nikakaribia kumutia matatizoni na yeye hana kosa. Ndio hivyo. Siwezi kusema nimepona. Munisamehe mali yenu."

Akakaa. Nilisikia pilau inavyotokota chini ya mfuniko. Nilitazama nyuso, nikiwa tayari kumrukia wa kwanza atakayeguna.

Hadji Lukeba alikohoa. Akavua kofia yake, akaigeuza, akaiweka katikati ya mkeka mdomo juu. "Mara ya pili," alisema, "wanataka kiasi gani?" Na kabla sijaelewa, mvuvi mmoja alikwisha kuingiza mkono mfukoni, na aliyefuata, na wanawake upande wetu wakaanza kufungua ncha za vitenge.

"Hapana!" Hamidu aliruka juu. "Hapana, acheni! Sijaomba! Nimesema pengine, sikusema nakwenda! Hadji, vaa kofia yako! Munatoa tena nini, mumebaki na nini, munataka nife na deni la kila nyumba, nisipite hata barabara moja? Zainabu, weye hapana, weye usitoe kitu, nyumba yako inavuja, miye nimekula bati zako na hata kovu ya kukuonyesha sina!"

Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Zainabu alimwacha amalize. Akatema ganda la iliki kiganjani.

"Hamidu, kaa chini," alisema. "Nani alikuambia miye nilinunua mutima? Mutima inauzwa? Idi wangu alichoka kama weye. Anapanda kilima, anakaa. Anavuta wavu, anakaa. Nikamwambia ni uzee. Siku moja akakaa pale kwenye kiti, mbele ya nyumba, hakuinuka tena. Mpaka leo sijui aliuawa na nini. Hakuna mahali tulimpeleka. Hakuna mutu aliyesema basi, tujaribu hii." Akajifuta mdomo kwa ncha ya ushungi. "Weye umekwenda. Nililipa ili uende. Kupona ni ya Mungu, haikuwa katika mawese yangu. Na usizunguke tena nyuma ya nyumba yangu. Karanga zako zinaoza."

Hamidu alifunika uso. Mikono yote miwili, ile mikubwa, na mabega yakawa yanatikisika. Jafari alitoka kule mlangoni, akapita katikati ya watu, akakaa kando yake. Mimi nilisimama na upawa mkononi. Maneno sikuwa nayo, na walionijua waliligundua hilo kabla yangu. Nilifunua sufuria, na sahani ya kwanza, yenye nyama nyingi kuliko zote, nikampelekea Zainabu.